Linux Yangu, BSD Yake, na Majina Niliyoyafuta

Kompyuta nilijifunza ukubwani, na kidato cha nne changu mfukoni, katika ofisi ndogo mjini Kigoma iliyowasaidia wakimbizi kutafuta ndugu waliopotezana nao njiani. Mtu alikuja, akataja anayemtafuta, tukaingiza majina yao wote wawili. Kila Ijumaa tulichapa majina na kuyabandika kambini, na pia ufukweni Kibirizi, ambako maboti ya kutoka Kagunga, mpakani na Burundi, yalishusha watu.

Tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa mkimbizi, mwalimu wa hesabu kutoka Bujumbura. Mimi nilimwita Fundi, yeye aliniita Muha. Kiha changu na Kirundi chake vilielewana bila mkalimani. Kompyuta zetu ndizo zilizotugombanisha.

Yangu ilikuwa na Linux. Yake, iliyotunza orodha, ilikuwa na FreeBSD. Mifumo hiyo ya kuendesha kompyuta ni jamaa, yote inamfuata mzee wao Unix, na yote inashika wosia wake: programu moja ifanye kazi moja, iifanye vizuri, kisha imkabidhi mwenzake. Fundi aliandika mstari mmoja tu wa amri. Programu ya kwanza ikachuja majina, ya pili ikayapanga, ya tatu ikaondoa yaliyojirudia. Nilimwambia hata dagaa wa Kibirizi wanashushwa hivyo: huyu anapakua, yule anabeba, mwingine anaanika.

Ubishi ulikuwa kwenye malezi. Linux hukusanywa: kiini kinatoka kwa hawa, zana kwa wale, na kila mkusanyaji hupanga anavyopenda. FreeBSD hutengenezwa na kundi moja, kiini na zana zake pamoja, na kitabu kinene cha maelezo.

"Linux yako ni Ujiji," Fundi alisema. "Mmanyema, Muha, Mkongo, wote nyumba moja. Mwenyeji humjui."

"Na chakula ni kitamu. Yako je?"

"Yangu ni kama serikali yenu. Mwenyeji anakaa kwake, mgeni ana kambi yake."

Kambi hiyo ilikuwa folda iitwayo /usr/local. Katika FreeBSD, kila programu unayoiongeza inakaa humo, mbali na vitu vya mfumo wenyewe. Katika Linux yangu, programu za kuongeza zilichanganyika na za mfumo, na folda ya jina hilo ilikuwa na mabaki ya majaribio yangu tu. Fundi alinieleza tofauti hiyo zaidi ya mara moja. Nilicheka mfano wake, maana yake sikuisikiliza.

Jumatano moja Fundi alikwenda kambini kuchukua mgao wake wa unga. Diski ya kompyuta yake ikajaa. Nenosiri nilikuwa nalo, na nilitaka akirudi akute Muha ameitengeneza. Nikaona /usr/local imevimba, nikasema haya ni mabaki, nikaandika amri ya kufuta. Unix haiulizi kama una hakika. Mzee yule alimwamini anayeamuru. Orodha yote ilikuwa humo, pamoja na programu iliyoitunza, na nakala ya akiba hatukuwa nayo.

Kesho yake asubuhi Fundi alikuwa amerudi. Bosi alisema, "Mfumo wa mkimbizi umekufa. Wekeni Linux."

Niliinamia kibodi yangu. Nilikuwa nimeshinda ubishi wa miezi mingi, na sikuweza kuinua macho. Fundi alikaa, akasoma kumbukumbu ya amri zilizoandikwa, akaona ile yangu. Mbele ya bosi hakunitaja. Tulipobaki wawili akasema, "Muha, umeifyeka kambi nzima."

Nilikwenda kwa bosi kukiri saa nane mchana. Ilinipasa kwenda saa mbili asubuhi.

Tuliyabandua makaratasi ya Kibirizi na kuyaingiza upya kwenye kompyuta, tukichekana kwa makosa ya vidole. Kilichopotea kabisa ni majina yaliyokuja baada ya Ijumaa. Nilizunguka kambini na kipaza sauti nikiwaita waliojiandikisha siku hizo, watoto wakiniiga nyuma yangu. Wakaja wote, isipokuwa mama mmoja. Fundi aliikumbuka sura yake, jina hapana.

Alikuja mwenyewe wiki ya tatu, kuuliza habari za binti yake. Wiki hizo zote binti angeweza kushuka Kibirizi asione jina la mama yake ukutani. Nilimwambia ukweli: mama, ulikuwemo, nikakufuta.

"Kwa hiyo mwanangu amepotea mara mbili."

"Ndiyo, mama."

"Haya, andika, baba. Na huyu mwenzako asimame hapo akuchunge."

Fundi akasimama nyuma ya kiti changu akijizuia kucheka. Mama alinisomesha jina la binti yake mara tatu, kisha akaomba lichapwe palepale, akalikunja, akaondoka nalo kwenda kulibandika Kibirizi yeye mwenyewe.