Bibi wa Udongo

Jina lake silijui. Hapa ngomeni Tirunelveli, kusini mwa India, tunamwita Bibi wa Udongo. Mizinga ya Kampuni ya Waingereza, waliotuzingira, ikinyamaza tu, huyo anatoka, shavu limejaa tambuu, akiwatukana wapiga mizinga kwamba hata ng'ombe aliyelala wangemkosa. Tufe la chuma lililonasa ukutani hulichomoa kwa vidole vyake vilivyopinda, akaenda kulisagia pilipili. Kisha huziba tundu kwa udongo na makapi ya mpunga. Na hakuna apitaye shimo lake la udongo bila kuingia na kuukanyaga uchanganyike, hata mtawala wetu.

Jana alikuja Velappan, Mtamili mwenzetu anayewatumikia Waingereza, na barua: tuubomoe ukuta kabla ya jua kutua, la sivyo tutanyongwa.

"Umesikia, bibi?" Velappan akamuuliza kando ya shimo.

"Nimesikia, mwanangu. Vua viatu."

"Mimi ni mjumbe!"

"Mjumbe hauawi. Lakini hukanyaga."

Akaingia, tope likamfika magotini, naye bado anatutajia kamba na miti ya kunyongea. Sauti ikazidi kupungua, miguu ikazidi kushika mwendo. Mwishowe akainama, akauminya udongo.

"Bibi, huu mkavu. Niongeze maji?"