Niliwaonyesha pa Kupiga

Miaka miwili baada ya uhuru, askari walimpiga papa, baba yetu, kitako cha bunduki katikati ya miguu. Kovu likaziba njia ya mkojo. Ulitoka matone, na papa alilia chooni hadi sisi watoto tukawa tunasikia.

Daktari aliamua kumpasua mara mbili. Kwanza aliufungua mrija wa mkojo kwa chini, akaushonea wazi kwenye ngozi ili upone. Mkojo ukawa unatokea nyuma ya korodani. Baada ya miezi kadhaa angeukunja na kuufunga, papa akojoe mbele tena. Miezi hiyo alichuchumaa. Jirani zetu Waislamu nao huchuchumaa, basi hakuna aliyemshangaa.

Kabla ya mara ya pili waasi waliuteka mji. Daktari alibaki, akatuma habari kwamba twende Jumatatu. Mama alikuwa na mtoto mchanga, hivyo mimi, binti wa miaka kumi na tano, nilikwenda kumpikia papa hospitalini.

Kwenye barieri ya Kabondo, kizuizi cha waasi barabarani, nilisimamishwa mbali. Mwanamke akiwagusa wapiganaji wale, dawa yao ya vita hufa. Tulingoja sana juani. Papa alibanwa, akachuchumaa pembeni.

"Weye! Mwanaume gani anakojoaka hivi?" mwenye mkuki alifoka.

"Iko mwanamuke!" mwenzake akaruka nyuma. "Wamemutuma aue dawa yetu!"

Kumshika waliogopa. Walimpiga kwa mpini wa mkuki: sikio, mbavu, mdomo. Jino lilianguka.

"Simama! Kojoa wima!"

Papa alisimama. Mkojo ukamtiririka mapajani.

Mimi, ambaye darasani hujibu nikiwa nimeziba mdomo kwa mkono, nilipiga kelele: "Ni mwanaume! Walimupasua! Tundu iko chini, nyuma ya mapumbu! Leo wanaifunga!"

Walimvua suruali kwa ncha ya mkuki, wakainama kuangalia.

"Kweli, mwanaume," yule wa kwanza alisema. "Bon, sawa. Walikukata hapa?"

Akampiga teke palepale.

Walituacha tupite, tukafika hospitalini papa akiwa amelazwa juu ya mkokoteni wa mtu. Daktari alisafisha damu, akachunguza kidonda.

"Ngozi niliyoitayarisha imechanika. Leo siwezi kufunga. Labda mwakani, kwa ngozi nyingine."

"Na weye utakuwapo, munganga?" papa aliuliza.

Daktari alinawa mikono, akatoka.

Tulipobaki wawili penye kitanda chake wodini nilisema, "Papa, ni mimi niliwaonyesha mahali."

"Bila weye wangeniua," alisema. "Nisaidie kushuka. Nimebanwa."

Nilimshika mabega, nikageuza uso. Mkojo ulipotoka alipiga yowe, na wodi nzima ikasikia.