Harufu ya Mahindi Ng'ambo ya Bonde

Juzi niliona vijana wakipandisha bendera, nikamkumbuka baba, jumbe wa kijiji chetu huko Uluguru. Alipoipokea bendera ya Wadachi alimwambia mama, "Tukiwa upande wao, nani atathubutu kutupiga?"

Hazikupita siku nyingi, askari wakamtaka aende nao vitani ng'ambo ya bonde, kwa mjomba, kaka yake mama, aliyeikataa bendera ile. Alasiri upepo ukaleta harufu ya mahindi ya kuchoma. Nilidhani kuna karamu. Sasa najua lilikuwa ghala la mjomba likiungua, naye mwenyewe ndani.

Baba alirudi akivuta mbuzi.

"Katuzawadia mjomba?" nikauliza.

"Ndiyo," akajibu.

Nilikula nyama nikashiba, nikamwambia mama kesho twende tukamshukuru mjomba.