Papa wa Shemeji Aliyeniamkia

Usiniambie niliota. Anayeota kalala, na mimi nilikuwa nimesimama sebuleni kwa shemeji yangu kule Kagongwa, mchana kweupe.

Shemeji alipata dhahabu kwenye duara lake kule Bugarama, shimo moja tu la kuchimba, basi akili zikamruka. Wenzake wakipata wananunua ng'ombe. Yeye akaagiza papa kutoka Dar. Papa wa baharini, aletwe Usukumani! Akamjengea tangi la kioo ukuta mzima, akamwagia chumvi magunia kwa magunia, huku majirani wamepanga ndoo wakingoja maji ya kupikia. Maskini akipata, matako hulia mbwata.

Chanzo ni mganga. Eti duara litaendelea kutoa dhahabu mradi papa yu hai, na papa halishwi ila na mwanamke ambaye papa mwenyewe humwita mama. Mwanamke huyo akawa mdogo wangu Kabula, mke wa shemeji. Tangu hapo hakutoka. Mama yetu yuko hoi kitandani Didia, anamwita, Kabula ananijibu kwenye simu, "Dada, nikiondoka hatakula." Hatakula! Si afe tumkaange?

Nikaenda kumchukua. Loo! Kakonda, ananuka shombo, mikono makovu matupu. Mumewe alikuwa machimboni. Nikamwambia, "Funga nguo zako, twende kwa mama." Akaingia chumbani.

Nikabaki na yule mdudu, mdomo chini kama kanuna. Nikamsonya.

Akasogea kiooni. Akasema, "Shikamoo, mama."

Haki ya Mungu alisema. Sauti ya mtoto mwenye adabu zake. Na sisi unajua tulivyolelewa: ukiamkiwa, mdomo unajibu kabla akili haijafika. Nikasema, "Marahaba."

Marahaba, kwa samaki! Mimi niliyejifanya mjanja!

Kabula akatoka na begi, kasimama anasikiliza. "Dada, kanyamaza. Siku zote ananiita, sasa simsikii." Kisha akaniangalia, machozi yakamtoka. "Umemwitikia? Hata mimi ilianza hivyohivyo."

Nikamsukuma nje. Nikamwambia mama anamngoja, aende. Mimi nilifika stendi nikashindwa kupanda gari. Masikio yalijaa "mama, njaa, mama, njaa," nikarudi kwa miguu yangu mwenyewe kumkatia sangara. Shemeji aliponikuta alicheka, dhahabu inatoka. Mwanamume mzima anamtegemea samaki, hata aibu hana!

Nawe uliyefundishwa adabu, nisikilize: ukiamkiwa, geuka kwanza umwone anayekuamkia. Si kila shikamoo ni ya kupokea.

Kabula alimuuguza mama, mama akapona. Juzi kaja mwenyewe na mkongojo wake, anagonga mlango, ananiita kwa jina la utotoni. Sikumfungulia. Nilikaa chini nimeegemea mlango nalia kimya, maana mama yangu hajawahi kuamkiwa na mtoto akaacha kuitikia.