Misumari na Namba ya Safu Nzima

Fundi makochi mmoja walimwita Misumari kwa sababu mdomo wake haukukosa misumari. Alipigilia huku akichomoa mmoja mmoja katikati ya midomo, na ukimsalimu alikuitikia kwa pua. Ili azungumze ilibidi aitemee yote kiganjani, na watu waliostahili usumbufu huo walikuwa wachache.

Ufundi alifundishwa na marehemu baba mkwe wake, enzi ambazo nyundo ilikuwa mali ya safu nzima ya vibanda. Ukikatikiwa na sindano ya kupinda ulipiga kelele tu, "Sindano!", ikaja kabla hujafunga mdomo. Hakuna aliyeuliza itarudi lini. Siku hizi mafundi wanafungia kabatini hata kipande cha chaki, halafu wanaitana ndugu.

Basi kiwanda cha sponji kilipotangaza kwamba hakimuuzii kwa jumla mtu asiye na namba ya mlipakodi, Misumari peke yake ndiye aliyekwenda kupanga foleni akaipata. Jirani alipokuja kuiazima, hakuona ajabu. Aliitoa kama alivyotoa nyundo. Akaichukua huyu, akaichukua yule, na shemeji yake mwenye duka la magodoro akaihifadhi kabisa kwenye simu. Misumari alilipia kodi makochi yake machache, akalala usingizi.

Ofisi ya kodi haikulala. Mashine zao zilimwona mzee mmoja anayenunua sponji ya kujaza uwanja wa mpira, wakamwandikia deni la tajiri. Asipolipa, kibanda kitafungwa, na cherehani kubwa aliyoachiwa na baba mkwe itapigwa mnada.

Mkewe ndiye aliyemburuta kwa wakili wa bure, binti aliyeweka meza kila wiki kwenye ukumbi wa mtaa kuwatetea watu wa kipato kidogo mbele ya ofisi ya kodi. Misumari hakumpenda. Zamani mtoza kodi alikuja kwa miguu, akakaa kwenye kochi bovu, akaona kwa macho yake una nini na huna nini. Sasa umlilie mtoto wa juzi akakusemee kwa mashine!

"Mzee wangu, mzigo wote huu ni wako?"

"Ningeuweka wapi, ndani ya suruali?"

Binti alicheka, kisha akaacha. "Basi ni wa nani? Nitajie. Kiwanda kitathibitisha kilishusha mzigo kwenye mlango gani. Pingamizi bila majina hawalisomi."

"Majirani hawatajwi."

"Basi waje wenyewe. Tuna hadi mwisho wa mwezi."

Akazunguka safu nzima, mdomo mtupu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mmoja alimwambia hamjui mtu anayeitwa Kodi. Mwingine alimpa mgongo, akajifanya anaongea na simu iliyozimika. Shemeji alimpa kiti na soda baridi.

"Shemeji, nikijitokeza watanihamia mimi. Wewe umeshazeeka, una nini cha kupoteza?"

"Cherehani ya baba yako."

"Cherehani ya baba yangu," shemeji akarudia polepole, kama anayeonja mchuzi.

Nyumbani mkewe alimsubiri mlangoni. "Baba watoto, kwa wakili nimekupeleka mimi. Ila ukimtaja kaka yangu, usiniite mkeo."

Misumari akarudisha misumari mdomoni, akaamua kunyamaza.

Mwezi ulipokaribia kwisha, maofisa wawili walikuja kuorodhesha vitu kabla ya kufunga kibanda. Binti wakili alikuja mbio kuwaomba siku chache zaidi. Safu nzima ikaacha kazi ikaja kutazama, shemeji akiwa mbele kabisa.

"Samahani mkubwa," shemeji akamwambia ofisa, "hiyo cherehani mnadani itaanzia bei gani? Mimi ni mtu wa familia, nisije nikapitwa."

Watu wakaangua kicheko.

Misumari akatema misumari yote sakafuni. "Binti, andika." Akaanza na shemeji, kisha akafuata safu, mlango kwa mlango, akinyoosha kidole. Kila kidole kilipoelekea, umati ulipasuka, watu wakikikwepa.

"Mzee hana haya!"

"Umekula kwa baba yangu, leo unaniuza?" shemeji akafoka.

"Baba yako angekutaja kabla yangu."

Pingamizi lilikubaliwa. Deni likawahamia wenyewe, na duka la magodoro likatiwa kufuli la serikali. Binti alileta habari mwenyewe, akihema kwa furaha. "Tumeshinda, mzee wangu!"

"Umeshinda wewe," Misumari akamjibu, akaendelea kupigilia.

Mkewe hakuhama. Anamwekea chakula mezani, anakifunika, anatoka. Akiwa na neno, anawatuma watoto.

Juzi sindano ya kupinda ilimkatikia katikati ya kochi la mteja. Kwa mazoea akaitemea misumari kiganjani, akapaza sauti: "Sindano!"

Nyundo za safu nzima zikanyamaza. Kisha moja ikaanza tena, ikafuata ya pili, mpaka zote zikawa zinagonga. Misumari akafunga kibanda, akaenda mjini kununua.