Matusi ya Mtani Katika Kitabu cha Baraza

Baraza la mji wetu lilikutana kila Jumatano katika chumba cha juu ya soko, na harufu ya papa mkavu ilipanda ngazi pamoja na wajumbe. Nilikuwa karani wao kwa miaka miwili kabla sijahamia Tanga mjini. Siku hizi nakaa Ngamiani na nabuni watu wa kutia katika hadithi. Mara nyingi kalamu hukwama, kwa kuwa wale wazee wanane, na Liwali wao mwenye kanzu iliyotiwa viraka kwapani, walikuwa watu bora kuliko wote niliojaribu kuwatunga.

Mwaka ninaouzungumzia, makisio ya mji yaliruhusu kitu kipya kimoja tu, nacho ni bomba la maji la umma. Fundi alileta koki za aina tatu. Mjumbe mwenye duka la vitambaa alitaka ichukuliwe ya bei ndogo, yaishe. Liwali alituma watu sokoni, wakaitwa wanawake sita waliozoea kuteka maji, wakapanda kwa haya, ndoo zao wameziacha mlangoni. Kila mmoja alilowesha mikono akazijaribu zile koki, kufungua na kufunga. Wote waliishika ya katikati. Ndiyo iliyonunuliwa, na sababu yake niliamriwa kuiandika kitabuni: *inafungika kwa mkono wenye maji.* Niliandika sentensi hiyo nikaona fahari kama ni shairi langu.

Baada ya bomba akatakiwa mtunzaji, wa kulifungua alfajiri, kusimamia foleni na kulifunga adhuhuri. Miongoni mwa walioomba alikuwamo mjane mmoja wa Kizigua. Tangu mumewe afe, miaka minne nyuma, alikuwa akiwachotea watu maji nyumba kwa nyumba, na sasa mgongo ulikuwa umekataa. Alikuwa akitembea ameshika kiuno, akisimama kila hatua kumi na kujifanya anaangalia kitu barabarani. Wajumbe walimpenda. Foleni aliijua, nayo ilimjua.

Lakini katika mji wetu mtu hakupewa kazi kwa kupendwa na watu wanane. Jina lake lilipigiwa mbiu kwa siku saba, kisha alisimama mbele ya baraza, na yeyote mwenye neno juu yake alikuwa na ruhusa ya kupanda ngazi na kulisema. Karani aliandika yote yaliyosemwa, neno kwa neno.

Siku hiyo alipanda mtu mmoja tu, mzee wa Kinyamwezi, muuza makaa. Alikuja pwani ujanani kukata mkonge, asirudi kwao.

"Shikamoo, Liwali," alisema. "Nimekuja kuuokoa mji."

"Marahaba. Sema."

"Huyu mwanamke mkimpa bomba, mtakufa kwa kiu. Maji atayanywa yote, yakibaki ataogeshea kuku. Mnasema mumewe alikufa kwa homa. Homa gani? Mume alikufa kwa mapishi! Na ule mkeka wa msikiti uliopotea mwaka juzi, muulizeni usiku analalia nini."

Mjane alimgeukia, mkono kiunoni. "Kaa chini, wewe! Ulikuja pwani na mzigo kichwani, mwenye mzigo keshakufa, na wewe bado umeubeba!"

Chumba kizima kiliangua kicheko. Liwali alifuta machozi kwa ncha ya kilemba. Nami niliandika, tena kwa raha, bila kuacha hata nukta. Jambo moja tu sikuliandika, kwamba Mnyamwezi na Mzigua ni watani, na mtani ana haki ya kumtukana mtaniwe popote, hata msibani, hata mbele ya serikali. Nani katika mji wetu hakulijua hilo? Ningeandika basi na kwamba bahari ina chumvi.

Nakala ya kitabu ilikwenda Boma, kwa kuwa kila ajira ilihitaji kibali cha Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Wa wakati huo alikuwa Mzungu mgeni, hajamaliza hata mwezi. Mkalimani wake alimfasiria kila nilichoandika, na barua ikarudi. Niliisoma mbele ya wajumbe. Bwana Shauri alistaajabu kuona baraza limempendekeza mtu aliyetuhumiwa hadharani kwa wizi wa mali ya msikiti na kwa kusababisha kifo cha mumewe. Alitaka maelezo kwa maandishi kabla ya makisio kufungwa Jumatatu. Yasipofika, fungu la mshahara wa mtunza bomba lingefutwa.

Mjane alikuwa amekwisha kuwaaga wote aliokuwa akiwachotea maji.

Mwenye duka la vitambaa ndiye aliyeanza kusema. "Jambo dogo hili. Karani aung'oe ukurasa, aandike mwingine. Nani atajua?"

Nakiri kwamba dole gumba langu lilikuwa tayari pembeni mwa ule ukurasa.

"Toa mkono, mwanangu," Liwali aliniambia kwa upole. Kisha akawageukia wenzake. "Leo tutaung'oa kwa wema. Kesho atakuja mwingine, naye ataung'oa wake kwa ubaya, na atasema amejifunza kwetu. Kitabu hujibiwa, hakichanwi. Aitwe muuza makaa."

Muuza makaa alikuja na mikono yake myeusi, na mjane akapanda nyuma yake. Alipoelezwa, alivua kofia, akaivaa tena.

"Mwataka nimsifu?" aliuliza. "Mimi? Liwali, alipozikwa mumewe nililala kaburini nikakataa kutoka mpaka nikapewa jogoo. Leo nisimame hapa niseme ni mwanamke mwema? Nikifa mimi, nani atakuja kunicheka?"

Hakuna aliyecheka. Utani ukivunjwa hauungwi kwa urahisi, na kwa mtu aliyetoka mbali namna ile, watani ndio ukoo wake wa pwani.

"Hatukuombi kusifu," Liwali alisema. "Utaulizwa ulichoona kwa macho yako. Ulipolazwa hospitali Tanga kwa ajili ya mguu, nyumba yako ilibaki na nani?"

"Na mchawi huyo huyo."

"Ufunguo?"

"Alikuwa nao yeye."

"Uliporudi, ulikosa nini?"

Mzee alitafuta jibu darini. "Sikukosa kitu. Kuku niliacha wanne, nikakuta tisa."

Imamu, aliyekuwa mjumbe, aliomba kusema, akaeleza kwamba mkeka haukupotea wala kuibwa. Uliliwa na mchwa, na yeye mwenyewe aliuchoma nyuma ya kisima. Niliandika.

"Na kifo cha mumewe?" Liwali aliuliza. "Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo." Sauti ya mzee ilibadilika, ikawa ndogo. "Homa ilimshika siku tisa. Nilikuwa napeleka makaa. Kila nikifika, usiku au mchana, namkuta huyu amekaa kwenye kigoda na kitambaa cha maji, hajalala. Siku ya kumi nilibeba jeneza. Niliyoyaona ni hayo."

Aliinamisha kichwa. Alikuwa amesema kweli tupu mbele ya watu, bila hata tusi moja la kuifunika, na aliona aibu kama mtu aliyevuliwa nguo. Mjane alikuwa amesimama karibu na mlango. Kazi yake, mgongo wake, mwaka wake mzima vilikuwa ndani ya kalamu yangu, na bado yeye wakati ule alimhurumia yule mzee.

"Mtani, basi!" alimkemea. "Mwishowe watadhani umenipenda. Nani atamtaka mwanamume mwenye kucha kama zako?"

Mzee akainua kichwa, na meno yake yote matatu yakaonekana. "Bora nioe gunia la makaa!"

Nilishika kalamu juu ya karatasi, nikamtazama Liwali. "Na hili niliandike?"

"Liandike. Ila mara hii anza kwa kueleza huyu ni nani kwake."

Niliandika rasimu ya mistari mitano juu ya utani. Liwali akafuta minne, akaacha ule uliosema kwamba Mnyamwezi na Mzigua ni watani, kwamba matusi ya mtani ni heshima, na kwamba asiyekuwa na wa kumtukana hana watu. Tarishi aliondoka na nakala Ijumaa baada ya swala. Jumatatu asubuhi alirudi na kibali, mstari mmoja na sahihi. Chini yake Bwana Shauri alikuwa ameongeza kwa mkono wake mwenyewe swali moja: je, mtu wa kwao Ulaya naye aweza kupata mtani?

Liwali alilisoma mara mbili, asitabasamu. Kanuni ya baraza ilikuwa kwamba swali lililoletwa kwa maandishi halitupwi, basi akaniamuru niliweke katika mashauri ya Jumatano, chini ya ununuzi wa mafagio. Kisha akachukua ufunguo wa bomba ndani ya mtoto wa meza na kuteremka nao mwenyewe, kwa kuwa ngazi zetu zilikuwa ndefu na hakupenda mjane azipande tena.