Mtaro Katika Shamba la Jirani

Usiku ule nililala mapema hotelini, maana asubuhi yake nilitakiwa kusimama mbele ya wajumbe wa nchi jirani na kutangaza kwamba sisi tunajitoa katika shirika letu la pamoja la kupambana na nzige. Sababu nilikuwa nayo mdomoni: miaka mingi hatujawaona nzige kwetu, sasa mchango wa nini? Mimi si mtu wa ndoto, jamani. Nikiota, ujue nimekula nikapitiliza. Lakini hiyo, hata sasa nikiisimulia, mwili unanisisimka.

Nilijiona ndani ya ukumbi wa mkutano, peke yangu, taa zote zinawaka. Kwenye kiti cha nchi yetu ameketi Bibi, mama yake mama, tuliyemzika nikiwa chuoni. Amejifunga kaniki yake, miguu imejaa udongo mbichi.

"Shikamoo, Bibi."

Hakuitikia. Bibi huyu aliyekuwa akiitikia hata shikamoo ya mlevi! Nikaingiwa na hofu.

Akanyanyuka na jembe, akaenda mpaka mbele ya kiti cha jirani zetu, wale tunaozozana nao kila uchao, akaanza kulichimba zulia. Chini yake kuna udongo mweusi unaonuka mvua.

"Bibi, hapo si petu!"

"Tunutu wanaanguliwa hapa," akasema. "Wakishaota mabawa, watakuwa wako."

Mara ukumbi haupo. Tupo kijijini kwake, kwenye kijito kilichotenganisha ukoo wao na ukoo wa ng'ambo. Kisa hicho nilikijua tangu utotoni. Koo mbili zisizooana wala kuzikana, lakini tunutu, yaani watoto wa nzige, wakianguliwa upande mmoja, watu wa upande wa pili huvuka na majembe, wakachimba mitaro shambani kwa mahasimu wao na kuwafukia wadudu kabla hawajaruka. Kupendana? Thubutu! Walijua tu kwamba nzige haulizi ukoo. Na kwa kuwa hakuna aliyeamini neno la mwenzake, walimweka mhunzi mmoja, mgeni asiye wa huku wala wa kule, akae kilimani na baragumu awaonye wote. Koo zote mbili zikawa zinamlisha.

Sasa namwona mhunzi huyo. Anashuka kilimani, baragumu kwapani, anatupita bila kututazama.

"Anakwenda wapi?" nauliza.

"Nzige walikawia kuja," Bibi anasema. "Baba yangu akasema, tunamlisha wa nini?"

Nageuka. Ng'ambo ya kijito ardhi inatembea. Ni tunutu, weusi, wamejaa bonde zima, na hakuna baragumu wala kelele za mtu. Watu wa ng'ambo wamesimama ukingoni, mikono nyuma. Mashamba yao yamekwisha, sasa wanayatazama yetu. Ule mtafuno nausikia mpaka kwenye meno yangu. Napiga yowe, halitoki. Bibi amekuwa kasichana kadogo, amepakata mtoto mchanga, na shingo ya mtoto imelegea. Habari za mtoto huyo hatukuwahi kusimuliwa nyumbani.

"Bibi, huyo ni nani?"

"Mdogo wangu," anasema, kwa sauti yake ileile ya uzeeni. "Mpiga baragumu akishashuka, mjukuu wangu, harudi kwa kuitwa."

Nikazinduka nalia. Kumekucha, shuka limelowa jasho, simu inaita. Ni mkurugenzi wangu, kutoka nyumbani.

"Umejiandaa?"

"Mzee, sitaweza kulisoma hilo tangazo. Wakianguliwa kwa wenzetu, nani atatuambia? Nani atatufungulia mpaka tukawaue hukohuko?"

Akacheka. "Wewe dada, nzige wa wapi? Pumzika. Kombo atasoma." Akakata simu.

Kombo ni mwenzangu katika msafara, chumba chake kinapakana na changu. Nikatega sikio ukutani. Ameshaamka, anajizoeza kulisoma tangazo kwa sauti, anarudia neno "tunajitoa" mpaka limkae vizuri.

Nikatoka vilevile, kichwa wazi na gauni la kulalia, nikaupiga mlango wake mpaka ngumi ikauma. Akafungua, tai inaning'inia shingoni.

"Dada, kuna nini? Kuna msiba?"

"Kaa chini, Kombo," nikamwambia. "Nimetumwa."